Wachoraji, Ukungu na Nchi Isiyo na Watu

"Chora unachokiona." Hiyo ndiyo amri ya kwanza ambayo mwalimu wa uchoraji humpa mwanafunzi anapomtoa nje ya darasa. Ukiisikia juu juu haina ubishi. Mlima ule pale, mti ule pale, macho unayo, penseli unayo, sasa unangoja nini? Lakini mimi niliyezaliwa na kukulia Ikoma, upande wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, nina ugomvi na amri hii, na ugomvi wenyewe si wa kisanaa tu. Ndani yake mna mahame, mna makaburi, mna njia za ng'ombe. Ndiyo maana nimeona niulete kwenye jarida letu hili, kwa vijana wenzangu mnaoandika na kuchora huko mjini, kwa sababu naamini hata mtu anayeandika riwaya huwa anaitii amri ileile bila kujua kaipokea kwa nani.

Basi tuitafute ilikotoka.

Kwa miaka mingi wachoraji wa Ulaya walikuwa watu wa ndani. Walikuwa wakitoka nje kuchukua mchoro wa haraka, halafu wanarudi chumbani kuumaliza kwa rangi za mafuta, maana rangi zenyewe zilikuwa zinasagwa kwa mkono na kuwekwa kwenye vifuko vya kibofu cha nguruwe. Kifuko kikipasuka njiani, safari imekwisha. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi London, John Goffe Rand, akabuni tyubu laini ya bati yenye kifuniko, kama hii hii ya dawa ya meno. Kitu kidogo tu, lakini ndicho kilichofungua mlango. Sasa mchoraji aliweza kutia rangi zake mkobani, akaenda nazo shambani au ufukweni, akaketi hapo na kufanya kazi huku anakitazama kile kile anachokichora.

Mwishoni mwa karne ya 19 jambo hili lilikuwa limeshakuwa somo lenye shule zake. Mwaka 1899, kwa bahati tu, shule mbili za namna hiyo zilifunguliwa pande mbili za Bahari ya Atlantiki, na zote mbili kwenye pwani za wavuvi, pwani za ukungu. Moja ilikuwa Newlyn, huko Cornwall, Uingereza, chini ya Stanhope Forbes na mkewe Elizabeth. Ya pili ilikuwa Provincetown, kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod nchini Marekani, chini ya mwalimu aliyeitwa Charles Hawthorne.

Huyu Hawthorne ndiye anayenivutia. Alikuwa anawapeleka wanafunzi ufukweni na kumweka mtu mmoja wa kuchorwa huku jua likiwa nyuma yake, hivyo uso wote unakuwa kivuli. Halafu anawakataza kuchora macho, pua wala mdomo. Na ili wasipate hata hila ya kuingiza nukta ndogo ndogo, aliwataka wapake rangi kwa kisu bapa, kile cha kupakia puti. Hebu jaribu, msomaji, kuchora kope za mtu kwa kisu cha puti! Haiwezekani. Unachoweza ni kuweka bonge la rangi pembeni mwa bonge jingine: hili ni shavu lenye kivuli, hili ni bahari nyuma yake. Mwalimu hakutaka wachore vitu. Alitaka waone rangi inavyokaa jirani ya rangi nyingine, mengine yatakuja yenyewe.

Na ukungu ulimsaidia mwalimu wa namna hii. Ukungu ukiingia kutoka baharini, kitu kilicho karibu kinabaki cheusi cheusi, kilicho mbali kidogo kinapauka, na cha mbali kabisa kinachukua rangi ya ukungu wenyewe mpaka huwezi kusema kinaishia wapi. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu madirisha ya nyumba hana tena dirisha la kuhesabu. Amebakiwa na ngazi tatu nne za weupe na weusi, na kazi yake ni kuzipanga sawasawa kabla hali ya hewa haijageuka. Yote hayo anayafanya mbio mbio, maana mwanga wa saa mbili asubuhi si mwanga wa saa nne.

Sisi wa bara ukungu tunaujua. Asubuhi za masika bonde la Mto Grumeti hujaa mvuke mweupe, migunga inaelea juu yake kama haina mashina. Na kiangazi, nyasi zinapochomwa, moshi unafanya kazi ileile: vilima vinasimama safu safu, kila safu imepauka kuliko iliyo mbele yake. Kwa hiyo somo la Hawthorne tungeweza kulifundisha hapa hapa bila kwenda Marekani.

Ila ukungu una tabia nyingine ambayo sijaona walimu wakiitaja. Kilima utakiona kama kivuli, lakini mchungaji aliyesimama chini yake hutamwona. Wadogo ndio wanaofutika kwanza. Ukichora unachokiona, kwa uaminifu wote, utachora kilima kisicho na mchungaji, na hakuna atakayekuita mwongo.

Sasa tuje Afrika Mashariki.

Tyubu za bati zilifika kwetu pamoja na bunduki, na mara nyingine mikononi mwa mtu mmoja. Mjerumani Wilhelm Kuhnert, aliyesoma uchoraji Berlin, alikuja koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani mara ya kwanza mwaka 1891, akarudi tena 1905 na 1911. Alikuwa mwindaji na mchoraji. Alitembea na msafara, akachora na kupaka rangi huko huko porini, halafu akarudi Berlin na kuzikuza kazi hizo kuwa picha kubwa kubwa za simba, tembo na nyati. Picha zake zilichapishwa kwenye vitabu vya wanyama vilivyosomwa Ujerumani nzima. Ufundi wake siubishii hata kidogo. Nyasi za Kuhnert ni nyasi kweli, vumbi lake ni vumbi, unaweza kukohoa. Inaelekea alikuwa mzungu wa mwanzo kuichora nchi hii akiwa amesimama ndani yake badala ya kuibuni kutoka kwenye bustani ya wanyama ya Ulaya.

Lakini tazama mwaka. 1891! Mnajua mwaka ule ulikuwa mwaka gani kwa mababu zetu? Sotoka ilikuwa imeingia. Ugonjwa ule wa ng'ombe ulipita Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 hivi na kumaliza mazizi kwa mazizi, nyati na nyumbu nao wakafa. Nyuma yake ikaja njaa, ikaja ndui. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa akifanya kazi kwa Wajerumani, alipita Ngorongoro na Serengeti akielekea Ziwa Victoria, na aliyoyaandika kuhusu Wamasai wenye njaa aliowakuta njiani yanasikitisha hadi leo. Watu wa magharibi mwa Serengeti, yaani Waikoma, Wanata, Waisenye na wengine, walitawanyika, wakasogea, wakaacha maboma yao. Ng'ombe walipokwisha, vichaka vikaota pale walipokuwa wakilisha. Vichaka vikaleta ndorobo, na ndorobo wakaleta malale. Ndani ya kizazi kimoja, pale palipokuwa malisho pakawa pori.

Hiyo ndiyo nchi waliyoikuta wachoraji na wapigapicha wa kwanza. Walichora walichokiona, na walichokiona ni pori. Hawakujua kwamba wanachora nchi iliyotoka msibani, matanga hayajaanuliwa. Wao wakadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu Adamu.

Sisemi wote walikuwa sawa. Mfini Akseli Gallen-Kallela alifika Kenya mwaka 1909 na mke na watoto wake wawili, akakaa mpaka mwaka uliofuata, na akarudi kwao na picha za mafuta zaidi ya 150. Yeye alikuwa tayari ni mchoraji mkubwa nchini kwake. Huku kwetu jua lilimgeuza: rangi zake zikawa kali, njano na zambarau zinagongana. Naye aliwinda, lakini aliwachora watu pia, ana kwa ana. Hata hivyo picha iliyoshinda duniani haikuwa ya kwake, ni ile ya akina Kuhnert, na baadaye ikahamia kwenye kamera. Mwaka 1951 Serengeti ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti wakahamishwa. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kuhusu Serengeti isiyotakiwa kufa, ikashinda Oscar. Michael mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege Januari ya mwaka huo, kabla ya kuiona ikishinda. Filamu ile ilichukuliwa sana kutoka angani. Na kutoka angani, ndugu yangu, mtu ni mdogo kuliko hata kwenye ukungu.

Hapo sasa mnaweza kuniuliza: je, sisi wenyewe tulifundishwa vipi kuichora nchi yetu? Hii ndiyo sehemu ya historia ninayoipenda, maana ina ubishi mtamu.

Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, mke wa daktari, alianza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake Kampala. Alikuwa amesoma shule ya sanaa ya Slade, London, kwa hiyo kuchora kwa kutazama alikujua vizuri sana. Lakini hakuwapeleka wanafunzi wake kilimani na kuwaambia chora unachokiona. Alifanya kinyume. Aliwaketisha akawasimulia: soko asubuhi, mvua inakuja, watu wanakimbilia kwenye migomba. Wanafunzi wanasikiliza, wanaijenga picha kichwani, halafu wanaichora hiyo ya kichwani. Njia hii aliipata kwa mwalimu wake Marion Richardson, aliyekuwa akiwafundisha hivyo watoto wa Kiingereza. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi zikaonyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikafika London. Darasa la barazani ndilo lililokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere, yenye jina lake hadi leo.

Trowell aliamini kwamba Mwafrika asilishwe mbinu za Ulaya, kwamba ana namna yake ya kuona na inafaa ilindwe. Imani hiyo ina uzuri wake, na ina dharau yake vilevile. Wewe umesoma Slade, halafu unaniambia mimi nisisome ulichosoma kwa sababu kitaniharibu! Ni kama mtu aliyeshiba anayekusifia jinsi unavyopendeza ukiwa umefunga. Alipostaafu mwaka 1958 alikuja Cecil Todd, kutoka Afrika Kusini, akaugeuza mwendo: historia ya sanaa ya dunia, elimu ya rangi, kutazama kitu kilicho mbele yako na kukichambua. Wapo waliosema Todd amewafungua wanafunzi, wapo waliosema amewafanya Wazungu. Ubishi huo naona haujesha.

Mimi nilikutana na ubishi huo kabla sijajua majina ya hao watu. Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu wetu wa Stadi za Kazi alitutoa nje siku moja, tukapanda mtelemko, kila mmoja na karatasi yake juu ya daftari gumu. Amri ikatolewa ile ile. Mbele yetu palikuwa na nyasi, migunga mitatu minne, na vilima vya upande wa hifadhini. Tukachora. Msichana mmoja aliyekaa karibu yangu akachora boma: nyumba za duara, zizi, mbuzi, bibi kizee ameketi mlangoni. Mwalimu akamuuliza, hilo boma liko wapi, mbona sisi hatulioni? Akajibu, liko pale nyuma ya kilima cha pili, bibi yangu ndipo alipozaliwa. Alipewa alama nne kati ya kumi. Mimi nilipewa nane kwa miti yangu.

Nikiyasoma maisha ya Sam Ntiro namkumbuka msichana yule. Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, nchi ya ukungu hasa, ambako mlima wenyewe unaweza kukaa siku nzima haujajitokeza. Alisoma kwa Trowell Makerere miaka ya 1940, akabaki kufundisha, kisha mwaka 1952 akaenda Slade, palepale alikosoma mwalimu wake. London haikumbadilisha. Alirudi anachora vilevile alivyoondoka: vilima vya mviringo, migomba, vijia, nyumba, na watu wadogo wadogo wengi wakifanya kazi, wanalima, wanachota maji, wanajenga, wanavuna kahawa. Wapo wahakiki waliomwona hajui kuchora, kwamba watu wake wamefanana na umbali wake haukukaa sawa. Lakini Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilinunua picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi, usiku.

Usiku! Mnaona hapo? Huwezi kutoka nje na brashi usiku wa Kilimanjaro, ukaketi, ukachora unachokiona. Huoni kitu. Picha ile haiwezi kufundishwa na Hawthorne wala na Todd. Inachorwa na mtu anayejua njia ile inapinda wapi, nani anatangulia na nani anabeba nini, kwa sababu ameipita. Na angalia zaidi: katika picha za Ntiro ardhi haikai yenyewe. Sijaona picha yake hata moja ambayo mlima upo na mtu hayupo. Baada ya uhuru wa 1961 Tanganyika ilimtuma London kuwa balozi, baadaye akashika kazi za utamaduni serikalini na kufundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi alipofariki mwaka 1993. Pamoja na vyeo vyote hivyo aliendelea kuchora watu wakilima.

Elimo Njau naye ni wa mlima huohuo, wa Marangu, amezaliwa 1932, naye alisoma kwa Trowell. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa la Anglikana la Fort Hall, ambako sasa ni Murang'a, Kenya, kuwakumbuka Wakikuyu waliouawa miaka ya Mau Mau. Maisha ya Yesu ameyaweka kwenye matuta na mabonde ya Wakikuyu. Baadaye alifungua jumba la sanaa la Kibo kwao Marangu, na mwaka 1965 akaanzisha na wenzake Paa ya Paa jijini Nairobi, ambayo moto uliiteketeza mwaka 1997 ikainuliwa tena. Njau ndiye aliyekuwa akiwaambia wasanii wasinakili, maana kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Watu wengi huichukua kauli hiyo kuwa onyo la kutoiga picha za wengine. Mimi naichukua mbali zaidi: hata kunakili kilima kama kamera ni kunakili.

Na hapa lazima niseme kidogo juu ya Edward Saidi Tingatinga, ingawa yeye hakukanyaga shule ya sanaa yoyote. Mtu huyu wa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akiuza pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Alifundisha ndugu na jamaa, akina Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda, kwa njia ya fundi na mwanafunzi: kaa hapa, tazama mkono wangu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka 40. Sasa kinachonichekesha ni hiki. Hawa ndio waliokaa nje kweli kweli, karibu kabisa na bahari, upepo wa chumvi unawapiga usoni. Je, walichora bahari? Hasa walichora chui, tembo, ndege, twiga, kwa sababu wateja wao wa kizungu walitaka wanyama. Yaani mtu ameketi pwani anamchora simba wa kwetu, na kwetu wenyewe tunanunua kalenda yenye picha ya pwani.

Nirudi nyumbani. Wazee wa Ikoma hawana brashi, lakini ukitaka kujua mandhari ya nchi hii waendee wao. Babu yangu mmoja wa ukoo, ukimwomba akusimulie, hufumba macho kwanza. Halafu anaanza kutembea kwa mdomo. Tumetoka Sonjo, tukiwa wawindaji, tukashika hivi. Tukavuka Orangi. Hapa palikuwa na maji ya kiangazi. Hapa boma la fulani bin fulani. Hapa tulikaa wakati wa njaa. Pale Banagi, hapo nyuma yake, kuna mti wa matambiko. Anataja mahali kwa mahali mpaka unaanza kuona. Sehemu kubwa ya safari hiyo sasa imo ndani ya hifadhi, na wengi wetu vijana hatujaikanyaga, isipokuwa wale walioajiriwa kwenye mahoteli na kambi za watalii.

Mmarekani Jan Bender Shetler aliyakusanya masimulizi kama hayo kwa wazee wa huku miaka ya 1990, na mwaka 2007 akatoa kitabu kiitwacho Imagining Serengeti. Hoja yake ni kwamba ambapo mgeni anaona nyika tupu, mzee wa Kiikoma au wa Kinata anaona makazi, njia, vyanzo vya maji, mahali patakatifu. Ni nchi moja, ila jozi mbili za macho. Nilipofika hapo katika kusoma niliweka kitabu chini nikacheka, maana kumbe njia ya Trowell, ya kufumba macho na kusikiliza, ndiyo njia ya babu, ila babu hakuipata London.

Lakini sitaki tumpambe babu kupita kiasi. Kufumba macho nako kuna ukungu wake. Mzee anataja maboma ya wanaume, ni nadra ataje njia ya kina mama ya kuchotea maji. Anataja ukoo wake vizuri na ukoo wa jirani kwa haraka. Na wapo vijana wa rika langu wanaoyakariri masimulizi hayo kama sala, bila kutoka nje siku moja kuona kama kile kilima kina mawe au kina udongo. Mwandishi wa namna hiyo atakuandikia "uwanda mpana" na "vilima vya kuvutia" mpaka ukurasa wa mwisho, na hutajua kama uko Serengeti au Singida. Huyo ningempeleka kwa Hawthorne apewe kisu cha puti, wiki mbili, ukungu ukiwepo. Hata Claude Monet, bingwa wa kuchora nje, alipochora ukungu wa London kutoka kwenye hoteli yake kati ya 1899 na 1901, alirudi Ufaransa na turubai karibu mia moja ambazo hazijaisha, akazimalizia nyumbani kwake, mbali na London na mto wake. Kwanza alitazama sana. Halafu akakumbuka.

Ninachokidai mimi ni kwamba anayefundisha kuchora nje hapa kwetu asiishie kwenye amri moja. Mwanafunzi akishapanga safu zake za vilima, na rangi zimekaa, aulizwe: nani alikuwa anapita hapo? Mti ule umekatwa upande mmoja, nani aliukata? Mbona nyasi za pale ni fupi na za kijani kuliko za pembeni? Mahame ya ng'ombe hubaki na nyasi za namna hiyo miaka mingi, mbolea ikiwa bado ardhini. Mtu aliyefundishwa rangi vizuri ataiona tofauti ile hata kama hajaambiwa kitu. Hapo jicho na simulizi vinakutana, na yule msichana wa alama nne angekuwa na la kumwonyesha mwalimu.

Kuna mahali ndani ya hifadhi, kwenye miamba ya Moru, ambapo vijana wa Kimasai wa zamani walichora chini ya mwamba kwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukisimama pale uwanda wote uko mbele yako, mandhari ambayo wapigapicha wa dunia nzima wanaililia. Hao vijana hawakuuchora uwanda. Walichora ngao zao, safu ya ngao. Watalii hushushwa kwenye magari wakazitazama kwa dakika kumi, halafu wanageuka kupiga picha upande wa pili.